Bosi na Waya wa Bluu

Bosi wetu alikuwa amechoshwa na magreda. Kila barabara ya Kurasini ikichimbwa, faiba, waya wa mtandao wa kwenda bohari, inakatwa, na mimi naamshwa usiku wa manane kubadili njia kwa mkono. Ilipovutwa faiba ya pili tukakubaliana tuweke OSPF, lugha ya kuziwezesha swichi (mashine za kugawa mtandao) za pande mbili ziwe zinaambizana zenyewe njia ipi ni nzima.

Jumamosi mimi na dogo tukaanzia bohari. Swichi ya ofisini nilikuwa naichezea kwa mbali, kwa hiyo kabla ya yote niliiagiza ijizime na kujiwasha zikipita saa mbili. Ni kinga ya mafundi: ukijifungia nje, inaamka na mipangilio yake ya zamani, nawe unaingia tena kama hukufanya kitu.

Kazi ikagoma. Ping, ile pakiti ya kujaribu kama upande wa pili unafikika, inapita, swichi zinasalimiana kila baada ya sekunde 10, lakini kubadilishana njia hazitaki. Hujambo, sijambo, za nyumbani, nzuri, za watoto, nzuri, na shida iliyomleta mgeni haitajwi! Kumbe fundi wa zamani aliacha MTU, ukubwa wa mwisho wa pakiti, ya bohari ikiwa 9000, ya ofisini ni 1500. Salamu ni pakiti ndogo na haikagui MTU, haikuwa na shida; kwenye kubadilishana njia ndipo inapolinganishwa. Tukazisawazisha, ujirani wa swichi ukakamilika papo hapo.

Nikadandia bodaboda hadi ofisini kumwonyesha bosi. Nikachomoa waya wa bluu wa faiba ya kwanza, simu za mezani zikaendelea kuongea. Bosi akafurahi kama kanunua yeye hiyo OSPF dukani. Akaagiza soda, akaita wahasibu, akaita na wageni wawili waliokuja kudai hela zao.

"Sasa tazameni," akasema, akachomoa mwenyewe.

Swichi ikazima. Taa zote. Kisha feni zikanguruma, simu zikafa, printa ikaacha ankara nusu. Bosi kashika waya, jasho linamtoka. Mfukoni simu yangu inatetemeka: ni dogo, ameandika, "BRO ILE SAA MBILI ULIIFUTA??" Na mipangilio mipya wala sikuwa nimeihifadhi.

Bosi akaurudisha waya haraka, kimyakimya. Baada ya dakika chache swichi ikaamka, ikarudia njia zile za mkono, ambazo zinapita kwenye waya huohuo wa bluu. Mtandao ukarudi. Bosi akawageukia wageni. "Mmeona? Ukijua pa kuchomeka, hakuna tatizo."

Wageni walipotoka akanivuta pembeni, akanong'ona, "Kijana, nimeharibu nini?"

"Kidogo tu, mzee. Jioni tutarekebisha."

Akatoa noti ya elfu kumi. "Ya nauli. Na huyo dogo wako asijue."

Jioni tukapanga upya kila kitu, safari hii tukahifadhi. Jumatatu nikakuta kabati la swichi limefungwa kufuli, na ufunguo kapewa mama wa usafi.