Wakili mpya asiye na kazi mezani: atulie au abishe hodi?

Wiki za kwanza katika kampuni ya mawakili hazimsumbui mtu. Kuna mafunzo ya mfumo wa kompyuta, kuna fomu za kujaza, kuna kuzungushwa chumba hadi chumba ukitambulishwa. Shida huanza pale mapokezi yanapokwisha na kazi haijaja. Wenzako wa kitengo cha jirani wanakesha na mikataba, nawe saa nane mchana umeshapitia sheria ileile mara tatu, na barua pepe zilizoingia ni tangazo la mafunzo ya usalama na taarifa kwamba lifti ya pili iko kwenye matengenezo. Jioni unafungua karatasi ya saa ujaze siku yako, unakuta una cha kuandika cha dakika 36.

Washauri wamegawanyika kuhusu hali hii. Wapo wanaosema tulia, kila mtu alipita hapo. Wapo wanaosema amka, usipoamka sasa utaachwa. Kila upande una hoja nzito, na kila upande, kwa maoni yangu, una jambo ambalo hauligusi.

Kwanza tuelewe kwa nini nafasi tupu kwenye karatasi ile inatisha kiasi hicho. Kampuni nyingi kubwa humtoza mteja kwa saa, na siku ya wakili hukatwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa. Simu ya dakika 4 ni kipande kimoja, kusahihisha barua ni vipande vitatu. Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Marekani, ambako mtindo huu ulishika kasi, mawakili walikuwa wakifuata viwango vya chini vya ada vilivyowekwa na vyama vyao, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua katika shauri la Goldfarb, mwaka 1975, kwamba viwango hivyo vinakiuka sheria ya ushindani. Kabla ya hapo, mwaka 1958, Chama cha Mawakili cha Marekani kilikuwa kimechapisha kijitabu cha kuwahimiza wanachama watunze kumbukumbu za muda wao, na makadirio yake yalikuwa takriban saa 1,300 za kutoza kwa mwaka. Siku hizi lengo katika kampuni kubwa za huko huwa kati ya saa 1,800 na 2,000, pengine zaidi.

Piga hesabu ya lengo la saa 1,900. Ni kama saa 158 kila mwezi. Miezi yako miwili ya mwanzo ikikupa saa 60 kila mmoja, miezi kumi iliyobaki inakudai saa 178 kwa mwezi, likizo na ugonjwa vikiwa humo humo. Ndiyo maana mtu anaanza kuhesabu siku kabla hajajua jina la mtu wa chumba cha pili. Tena anahesabu bila kuuliza. Zipo kampuni ambazo mwaka wa kwanza hazimwekei mtu lengo lolote, na zipo zinazolipunguza kulingana na mwezi aliouanzia. Kabla ya kukosa usingizi, muulize anayehusika na ajira ni utaratibu upi unaokuhusu.

Wanaosema tulia wana historia upande wao. Kazi za mawakili hupanda na kushuka pamoja na uchumi, na anayeanza hachagui mwaka wa kuanzia. Wakati wa msukosuko wa fedha wa 2008 na 2009, kampuni kubwa za Marekani na Uingereza ziliwaahirishia tarehe ya kuanza kazi watu ambao tayari zilikuwa zimewaajiri, na nyingine ziliwalipa posho wakae nje kwa mwaka mzima. Baada ya mbio za ununuzi wa kampuni za 2021 kupoa, baadhi ya kampuni za Marekani zilisogeza tarehe za kuanza kwa waajiriwa wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Mtu aliyeingia katika kipindi kama hicho akakaa bila kazi hakuwa na la kujilaumu.

Wana hoja nyingine ambayo mgeni huwa haioni. Kazi za ofisi hizi haziji kwa mstari, huja kwa mkupuo. Anayezunguka Jumatatu akikubali kila kinachotajwa anaweza kujikuta Alhamisi ana wabia wawili, yaani mawakili wakubwa wenye hisa katika kampuni, kila mmoja akidai kazi yake Ijumaa asubuhi. Akivurunda moja, hilo ndilo litakalokumbukwa, na hakuna atakayemtetea kwa kusema kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amekaa bure. Kazi mbovu ya kwanza inamgharimu mtu kuliko mwezi mtupu.

Wanachokwepa hawa ni namna kazi inavyogawanywa. Kuna kampuni zenye mtu maalumu wa kugawa kazi, anayejua nani ameelemewa na nani yuko huru. Kuna nyingine, nazo ni nyingi, ambazo ugawaji ni soko huria: mbia akipata jalada jipya anamwita aliyemfanyia vizuri mara iliyopita. Hana nia mbaya. Ana tarehe ya mahakama, na anataka mtu ambaye kazi yake anaijua. Katika ofisi ya namna hii, anayesubiri aitwe anasubiri watu wasiomfahamu wamkumbuke. Na kadiri miezi inavyokwenda, wasiomfahamu huanza kujaza pengo kwa dhana. Mwezi wa pili watu husema bado mgeni yule. Mwezi wa saba wanaulizana mbona hakuna anayempa kazi, na swali hilo likishaulizwa, jibu lake hutungwa hapo hapo.

Kuna sababu nyingine ya mbia kusita, na hii haina uhusiano wowote na uwezo wako. Tangu msukosuko ule wa 2008, wateja wengi wakubwa wamekuwa wakiweka masharti kwamba hawatalipia saa za mawakili wa mwaka wa kwanza, au wanalikata jina lako kwenye ankara wanapoliona. Mteja hataki kulipia masomo ya mtu. Ukiongeza programu za kompyuta zinazopekua nyaraka kwa maelfu, kazi ambayo zamani ndiyo ilikuwa mkate wa wanaoanza, utaona kwamba mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba. Mbia anayekuweka kwenye jalada leo anajua huenda sehemu ya saa zako ataifuta yeye mwenyewe, kwa hasara ya kampuni.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua, nipo na wanaosema nenda kabisha hodi. Ila nao wana lao wasilolisema, nalo ni kwamba kubisha hodi si rahisi kwa kila mtu kwa kiwango kimoja. Kijana aliyekulia nyumba ya mawakili anajua kwamba mbia anakaribika saa kumi na moja jioni akiwa anapanga mkoba wake, si saa tatu asubuhi. Aliyesoma chuo kimoja na mkuu wa kitengo ana pa kuanzia mazungumzo. Aliye wa kwanza katika ukoo wake kuvaa joho amefundishwa kwamba kumfuata mkubwa bila kuitwa ni utovu wa adabu, na ameingia mahali ambapo adabu hiyohiyo inasomwa kama uvivu. Kampuni inayoacha soko huria lifanye kazi, kisha mwisho wa mwaka ikashangaa kwamba waliong'ara ni walewale wa aina moja, inajidanganya. Kuweka mgawaji wa kazi husaidia, ingawa si dawa: wabia wenye nguvu humruka wakachukua wanaowataka, na kinachobaki mikononi mwake mara nyingi ni kazi zilizokwishakataliwa na wengine.

Sasa namna ya kuomba. Barua pepe inayokwenda kwa kitengo kizima ikisema “Nina nafasi, kama kuna kazi yoyote naomba mnijulishe” hairudishi kitu. Anayeisoma inambidi asimame, afikirie ana nini, akate kipande chako, aandike maelekezo. Kwa mtu aliyeelemewa, hiyo ni kazi ya ziada. Tena inakwenda kwa watu wasio sahihi. Wabia hawajui kila karatasi iliyo kwenye majalada yao. Anayejua ni wakili mwandamizi, yule aliyekutangulia miaka mitatu au minne, ambaye usiku ndiye anayepanga viambatisho. Soma jalada lake mojawapo, kama unaruhusiwa kulifungua, kisha umfuate yeye na jambo lenye mwanzo na mwisho:

“Habari za asubuhi, Wakili. Nimeona lile shauri la mkandarasi linafika hatua ya kubadilishana nyaraka wiki ijayo. Leo na kesho nina nafasi. Naweza kuanza kuzipanga barua za pande zote mbili kwa tarehe, nikuandikie na orodha ya zinazokosekana?”

Hapo anachotakiwa kusema ni ndiyo au hapana. Na akisema hapana, amejua kwamba unasoma. Watakaosema huku ni kujipendekeza hawakosekani. Waache. Jambo moja tu la kuchunga ni kwamba kazi hiyo isiwe tayari mikononi mwa mwenzako, kwa sababu uadui wa mwaka wa kwanza huwa na kumbukumbu ndefu.

Kazi ikishapatikana, karatasi ya saa inaleta mtihani wake. Tuseme umeombwa maelezo mafupi juu ya ukomo wa muda wa kufungua madai. Mwenye uzoefu angetumia saa mbili, wewe umetumia saba. Mwenye njaa ya saa huvutwa kuziongeza zikawa tisa. Huo ni wizi, hakuna jina lingine, na ni kosa la kinidhamu. Maoni rasmi ya Chama cha Mawakili cha Marekani namba 93-379 ya mwaka 1993 yanasema bayana kwamba anayetoza kwa saa haruhusiwi kumtoza mteja muda ambao hakuutumia. Juu ya hilo hakuna pande mbili.

Pande mbili zipo kwenye kishawishi cha pili, cha kuandika saa tatu na kuzimeza nne kwa aibu. Wanaokitetea wana sababu: mbia akiona saa saba kwa swali dogo, huenda asikuite tena. Kweli, hutokea. Lakini anayemeza saa zake anamdanganya mbia kuhusu kazi ile inachukua muda gani, na mara ijayo atapewa muda uleule wa kubana. Anajiongezea pia utupu uleule anaoulalamikia. Uamuzi wa kufuta saa kwenye ankara ni wa mbia, ndiye anayemjua mteja na makubaliano yao. Njia iliyo nafuu ni kuuliza mwanzoni, “Unatarajia hili lichukue muda gani?”, na kurudi ukiwa umefikia nusu ya muda huo, hata kama ulichonacho ni nusu ukurasa na swali moja lililokukwamisha. Mara nyingi mbia atasema achana na tawi hilo, hatulihitaji.

Kuhusu saa zisizotozwa, kuna kampuni zinazohesabu utetezi wa bure kwa wasio na uwezo kama sehemu ya lengo, baadhi zikiweka kikomo. Uliza, kwa sababu huko mwanagenzi hupewa mteja halisi wa kuzungumza naye mapema kuliko kwingine kote. Mafunzo ya mtandaoni nayathamini kidogo. Ni rahisi kuyarundika, yanampa mtu hisia ya kuwa na shughuli, na hakuna mbia aliyewahi kumwita mtu kwa sababu alitazama video kumi na tano. Siku tupu ingeenda vizuri zaidi ukiomba kukaa nyuma ya chumba cha mahakama wakati wakili wa ofisi yenu anahoji shahidi.

Je, ukimya ukiendelea? Tazama wa rika lako. Kama wote mmekaa, tatizo ni kitengo au soko, na hapo kuomba kuazimwa kwenye kitengo kingine kuna maana. Ununuzi wa kampuni unapolala, ufilisi na mashauri ya madai huwa macho. Gharama yake ni kwamba kuazimwa kunaweza kugeuka makazi, na aliyeingia akitaka mikataba akajikuta mwaka wa tatu ni mtu wa ufilisi. Wengine wamefurahia, wengine walikuwa na sababu nzuri ya kukataa. Lakini kama wenzako wanakesha na wewe peke yako ndiye unayetoka mapema, ushauri wa kutulia hauna kazi tena. Pengine kuna kazi uliyoitoa ikaandikwa upya usiku na mtu hakukwambia. Katika ofisi hizi watu huona rahisi kurekebisha kimya kimya kuliko kusahihisha mbele ya mtu.

Hapo usisubiri tathmini ya mwaka. Omba dakika 20 na mkuu wa kitengo, na usiulize kama wameridhika nawe, kwa sababu utajibiwa kwa upole na utatoka mikono mitupu. Muulize ni kazi gani mbili au tatu za robo mwaka iliyopita ambazo mtu wa ngazi yako angeweza kuzifanya, zilikwenda kwa nani, na alipewa kwa sababu gani. Akizitaja, umejua umfuate nani na unapungukiwa nini. Asipoweza kuzitaja, basi kitengo chake hakijui kinavyogawa kazi, na hilo ni lake kulirekebisha, nawe una haki ya kumwomba akuandikie ni nani atakayekupa kazi ya mwezi unaokuja.