Blanketi kwa Mfugaji wa Alpaka: Kupima Michango ya Hiari katika Milima ya Andes

Kila Desemba, wiki mbili tatu kabla ya Krismasi, barabara za matope zinazopanda milimani kutoka mji wa Cusco, kusini mwa Peru, hupitiwa na malori madogo na mabasi ya kukodi yaliyosheheni sufuria kubwa, maziwa ya kopo, mikate mitamu ya paneton na magunia ya vitu vya kuchezea. Shughuli hiyo huitwa chocolatada. Wanafunzi wa vyuo, waumini wa makanisa, wafanyakazi wa ofisini na wageni wa Ulaya na Marekani huchangishana mjini, hupanda hadi kijiji fulani kilichoko mita 4,000 au karibu na hapo juu ya usawa wa bahari, huchemsha chokoleti, huwapanga watoto foleni, humpa kila mmoja kikombe, kipande cha mkate na mwanasesere au gari la plastiki, hupiga picha, kisha hushuka kabla giza halijaingia. Watoto wenyewe, mashavu yakiwa yamebabuka kwa upepo na jua la mlimani, huinywa chokoleti hiyo kwa furaha isiyo na unafiki hata chembe, na yeyote anayetaka kuikebehi shughuli hii hana budi aikiri kwanza furaha hiyo.

Miezi sita baadaye huwa ni zamu ya blanketi. Kati ya Juni na Agosti, ambao ndio msimu wa kiangazi na baridi huko Andes, joto la usiku hushuka chini ya nyuzi sifuri na vijiji vya juu hupatwa na jalidi kali ambayo Waperu huiita helada: malisho hukauka, watoto wa alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia anayefugwa kwa manyoya yake, hufa, watoto na wazee huugua nimonia. Serikali hutangaza hali ya dharura mwaka baada ya mwaka, na mijini vikundi vya kujitolea hufungua vituo vya kukusanyia makoti, soksi na mablanketi. Kwa maoni yangu, kipimo cha michango ya namna hii ni mahali uamuzi wake ulipopitishwa, yaani mjini au katika mkutano wa kijiji. Wingi wa vitu na wema wa moyo wa mtoaji haviniambii mengi. Na kwa kipimo hicho, michango inayopigwa picha zaidi ndiyo aghalabu inayofeli.

Wanaochangiwa ni akina nani? Sensa ya Peru ya mwaka 2017 ilihesabu takriban watu milioni 3.8 ambao Quechua ndiyo lugha yao ya mama, na wengine wengi wanaishi Bolivia na Ecuador. Serikali ya Jenerali Juan Velasco Alvarado iliifanya Quechua kuwa lugha rasmi mwaka 1975, miaka sita baada ya kuanza kuyavunja mashamba makubwa ya makabaila, ambako wakulima wa milimani walikuwa wakifanyishwa kazi karibu na bure ili waruhusiwe kulima kipande chao cha ardhi. Kisha vikaja vita kati ya waasi wa Kikomunisti wa Sendero Luminoso na serikali. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2003, ilikadiria kwamba watu zaidi ya 69,000 walikufa au walitoweka kati ya 1980 na 2000, na kwamba robo tatu ya wahanga walikuwa wasemaji wa Quechua au lugha nyingine za wenyeji. Nayataja haya kwa sababu tangazo la kuomba mchango, kwa desturi yake, huuonyesha umaskini wa milimani kana kwamba umeletwa na baridi na mwinuko tu, ilhali una wenyewe waliousababisha.

Wanaoitetea michango hawakosi hoja, na hoja yao kubwa ni ya muda. Mageuzi ya kisiasa huchukua vizazi; nimonia humuua mtoto kwa siku chache. Mpango wa serikali uitwao Juntos, ulioanzishwa mwaka 2005, huzipa kaya maskini soli 200 (soli ni sarafu ya Peru) kila baada ya miezi miwili kwa sharti la kupeleka watoto shule na kliniki. Fedha hizo zina maana, lakini hazitoshi kuezeka nyumba upya. Zahanati ya karibu inaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, na muuguzi aliyeko zamu asiwe anajua Quechua. Katika hali hiyo, kumwambia mama aliyepokea blanketi kwamba blanketi hilo linaendeleza utegemezi ni ujuaji wa mtu aliyelala mahali pa joto. Watetezi huongeza pia kwamba michango humfanya kijana wa Lima au Cusco, pengine mwenye bibi aliyesema Quechua na mama aliyeona haya kuisema, apande kwa mara ya kwanza kwenda kuwaona watu ambao nchi yake imezoea kuwapita bila kuwatazama.

Hoja hizo nazikubali, lakini haziniondolei kero ya blanketi lenyewe. Peru ndiyo nchi yenye alpaka wengi kuliko zote duniani, na wafugaji wa alpaka hao ni hawahawa wanaopelekewa mablanketi ya nyuzi za plastiki. Manyoya ya alpaka huuzwa kwa ratili kwa dalali anayefika na mizani yake, kwa bei ambayo mfugaji hana sauti ya kuipanga, husafirishwa hadi viwandani Arequipa, na mwishowe huwa sweta ambalo mgeni hulinunua uwanja wa ndege. Mtu anayezalisha mojawapo ya nyuzi zenye joto zaidi duniani anapewa sadaka ya poliesta. Laiti fedha zilezile zingetumika kununua mizani ya kijiji, ghala na chanjo za mifugo, pengine mfugaji angejinunulia blanketi alitakalo. Lakini mizani haipigiki picha vizuri.

Hata mradi wenye manufaa dhahiri unaweza kukwama kwa sababu ndogo sana. Chukua majiko banifu, ambayo vikundi vingi vya kujitolea hupenda kuyajenga. Jikoni mwa nyumba ya udongo, moto huwashwa kwa samadi iliyokaushwa au magogo ya mkaratusi, moshi hutanda hadi macho yakachuruzika, na sakafuni simbilisi wanaofugwa kwa ajili ya kitoweo hukimbizana wakiota joto. Wageni huja, hujenga jiko la matofali ya udongo lenye bomba la kutolea moshi, na kwa siku mbili tatu kila mtu huwa na mikono yenye matope na uso wenye tabasamu. Baada ya msimu mmoja bomba hujaa masizi. Kama hakuna aliyefundishwa kulisafisha, na kipuri kinapatikana mjini tu, jiko hupasuka na moto wa mawe matatu hurudi mahali pake. Tena, moshi ule uliolaaniwa ulikuwa ukileta joto ndani ya nyumba isiyo na dari. Ndiyo maana nyumba za joto zilizobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Peru huliunganisha jiko na dari pamoja na ukuta unaonasa joto la jua: walitambua kwamba tatizo la moshi na tatizo la baridi hayatenganishiki.

Wageni wengi husahau kwamba wanaingia mahali penye utaratibu wa kuchangizana wa kale kuliko Jamhuri ya Peru yenyewe. Ayni ni kazi ya kukopeshana: leo nakusaidia kuvuna viazi, kesho kutwa utanisaidia kuezeka, na deni hilo hukumbukwa bila daftari. Faena ni kazi ya kijiji kizima, iliyo ndugu wa msaragambo wa huku kwetu, ambayo kila kaya hutoa mtu, na asiyefika hutozwa faini. Mfano mashuhuri ni daraja la kamba la Q'eswachaka, juu ya mto Apurímac katika mkoa wa Cusco, ambalo jumuiya nne hulisuka upya kila Juni kwa nyasi. Kila kaya huleta kamba iliyosokotwa nyumbani kwa mikono. Kamba nyembamba husukwa zikawa nene, nene zikawa nene zaidi, na katika siku chache daraja la mita zipatazo 28 huning'inia juu ya korongo. Mwaka 2020 kazi hiyo haikufanyika kwa sababu ya janga la korona, na mwaka uliofuata daraja likakatika, kisha wenyewe wakalisuka tena.

Mtu aliyekulia katika mfumo huo akipewa kitu na mgeni ambaye hatarudi, anabaki na deni lisilolipika. Katika mantiki ya ayni, kumnyima mtu nafasi ya kukurudishia ni kumweka chini yako. Lugha yenyewe ina chombo cha kulieleza jambo hili, chombo ambacho sisi Waswahili hatuna: Quechua ya Cusco ina "sisi" mbili. Ñuqanchis ni sisi pamoja nawe unayeambiwa. Ñuqayku ni sisi bila wewe. Mchangishaji anapohutubia uwanjani na kusema "tutajenga darasa", mkalimani hulazimika kuchagua mojawapo, na kwa chaguo lake wanakijiji hujua kama wamo au ni watazamaji tu.

Je, basi watu wa nje wakae mbali? Historia hainiruhusu kusema hivyo. Mwaka 1952 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, chini ya mwanaanthropolojia Allan Holmberg, kilikodi shamba la Vicos katika mkoa wa Ancash pamoja na wakulima waliokuwa wamefungwa nalo, na mwaka 1962 wakulima hao walilinunua shamba lenyewe, kwa sehemu kwa fedha zilizotokana na viazi vyao. Wakosoaji husema, nao hawakosei, kwamba kwa miaka kadhaa profesa alikuwa ndiye bwana shamba mpya. Hata hivyo hati ya ardhi ilibaki mikononi mwa wenyeji, na sijui chocolatada iliyowahi kuacha kitu cha namna hiyo.

Ipo pia hoja ya wajibu wa serikali, ambayo hupewa uzito mdogo mno. Kwa sheria ya Peru, nusu ya kodi ya mapato inayolipwa na kampuni za madini hurudishwa katika maeneo yanakochimbwa, na baadhi ya wilaya za milimani hupata fedha ambazo hazimalizi kuzitumia, kwa uzembe, kwa ukosefu wa wataalamu au kwa ufisadi. Mchango unaojenga darasa katika wilaya kama hiyo unamwondolea meya aibu aliyostahili. Kikundi cha kujitolea chenye busara kingeweza kumlipa mhandisi mmoja awaandikie wanakijiji andiko la mradi, ili wao wenyewe wakaidai fedha hiyo.

Mradi ninaouona kuwa na utetezi imara kuliko yote ni mabweni ya wasichana katika miji ya bondeni kama Ollantaytambo. Shule za sekondari ni chache huko juu, na msichana anayetembea saa tatu kwenda na tatu kurudi huacha masomo mapema. Bweni humpa kitanda, chakula na mtu wa kumsaidia Kihispania cha darasani. Wazazi wengine hulalamika kwamba binti hurudi hajui tena kusuka na haoni tena haja ya kubaki kijijini, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mabweni yanayowapa wazazi nafasi katika kamati huyasikia malalamiko hayo mapema na kuyajadili. Ugumu uko kwenye fedha. Mwaka wa masomo wa Peru huanza Machi, wakati picha za Krismasi zimeshasahaulika na msimu wa blanketi haujafika, na mpishi wa bweni anatakiwa kulipwa mwezi huo, na Aprili, na Mei, na mwakani tena.