Ripoti ya benki haitoshi
Nimesoma makala kuhusu kununua nyumba kwa mkopo, na mwandishi wake anasema benki ikishamtuma mthamini wake, mnunuzi wa nyumba hana haja ya kumlipa mkaguzi mwingine. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mthamini kazi yake ni kuiambia benki nyumba ina thamani gani, hakuja kugonga dari. Mwaka juzi nilikuwa karibu kununua nyumba Bamburi, hapa Mombasa, si mbali na bahari, imepakwa rangi mpya inang'aa. Mkaguzi niliyemlipa mwenyewe alikuja na ngazi na nyundo ndogo, akawa anagonga slabu ya zege ya baraza hatua kwa hatua. Kwingi palilia ko! ko!, lakini karibu na bomba la maji ya mvua pakalia kama debe tupu. Akabandua plasta kwa bisibisi: nondo zimeliwa, zinabanduka kama maganda ya kitunguu. Huku pwani chumvi ya hewani, au ya maji ya kisima yaliyokorogewa zege, huingia hadi kwenye chuma. Kutu ikifura hupasua zege kutoka ndani, na rangi inaficha yote. Ni yeye pia aliyenihimiza nimtafute sorovea, yaani mpima ardhi, athibitishe bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, na niulize kama nauziwa na ardhi yenyewe, maana Mombasa nyumba nyingi mwenyewe ana kuta tu, kiwanja anakilipia kodi kwa mwingine. Wenzangu mlionunua Tudor, Nyali au Kisauni, nani kati yenu aligongewa slabu kabla ya kutia sahihi?