Desemba 9 ina mwaka wa pili tunaousahau

Kila Desemba 9 ikikaribia, simulizi ni ile ile. Usiku wa manane, Uwanja wa Taifa Dar es Salaam (ndio Uwanja wa Uhuru wa leo), taa zinazimwa, bendera ya Uingereza inashuka, taa zinawashwa na ya Tanganyika inaonekana juu. Sina ugomvi na simulizi hiyo, ni tamu. Ila tumeung'ang'ania usiku mmoja wa mwaka 1961 mpaka mwaka mzima uliofuata umetuponyoka, na mimi naona mwaka huo ndio wenye mambo.

Kwanza, hata tarehe yenyewe ilisogezwa. Mkutano wa katiba wa Machi 1961 ulipoisha, siku iliyotajwa ilikuwa Desemba 28. Baadaye ikarudishwa nyuma hadi tarehe 9. Ingebaki ile ya awali, leo tungekuwa tunabanana na Krismasi na Mwaka Mpya, na sijui mfuko wa nani ungestahimili.

Pili, na hili vijana wengi hukataa kuamini ukiwaambia: baada ya bendera kupanda, mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth. Mumewe, Philip, ndiye aliyekuja kumwakilisha kwenye sherehe. Sir Richard Turnbull, gavana wa mwisho wa kikoloni, hakufungasha mizigo siku ile. Alibaki akiwa Gavana Mkuu, na Nyerere akawa Waziri Mkuu. Hela nayo haikubadilika. Aliyetoka uwanjani usiku ule akinunua kitu kwa noti ya shilingi tano, alimkabidhi muuzaji sura ya Malkia, maana tulikuwa tukitumia shilingi ya Afrika Mashariki, na Benki Kuu yetu wenyewe ilikuja kufunguliwa mwaka 1966.

Mlimani je? Usiku ule ule Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro, kutimiza maneno ambayo Nyerere aliyasema bungeni mwaka 1959, kwamba nuru hiyo imulike hata nje ya mipaka yetu. Mambo mawili huwa hayasemwi hapa. Moja, Nyirenda mwenyewe asili yake ilikuwa Nyasaland, Malawi ya leo. Kwa hiyo nje ya mipaka ilikwishaingia kwenye habari hii kabla mwenge haujawashwa. La pili, kilele kile kilikuwa kikiitwa kwa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, tangu Hans Meyer alipokipanda mwaka 1889. Wajerumani waliondolewa, Waingereza wakatawala miaka zaidi ya 40, na jina la Kaiser likawa limetulia tu kule juu kwenye mita 5,895. Tulilifuta sisi.

Sasa njoo mwaka 1962, ambao gwaride halina habari nao. Januari 22, wiki sita tu baada ya sherehe, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu. Hakufukuzwa na mtu. Alisema anakwenda kukijenga chama, akazunguka nchi nzima na TANU, na kiti akamwachia Rashidi Kawawa. Fikiria nchi ina wiki sita, na mtu aliyeipigania anatoka ofisini mwenyewe. Leo tungeshinda mitandaoni mwezi mzima tukitafuta nani kamsukuma.

Kawawa namwona kama mtu aliyedhulumiwa na kumbukumbu zetu. Alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliwahi hata kuigiza filamu, na karibu mwaka mzima ndiye aliyeendesha serikali. Lakini ni chini yake vilevile ndipo zilipopita sheria ngumu: ile iliyobana migomo, iliyoletwa na serikali ya mtu aliyekulia kwenye vyama vya wafanyakazi, na ile ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka wa kwanza wa uhuru huo! Ukitaka kuelewa siasa za nchi hii, anzia hapo kabla ya kuanzia Azimio la Arusha.

Halafu kuna uchaguzi wa Novemba 1962, wa kumpata rais wa kwanza. Nyerere hakupita bila kupingwa. Alipambana na Zuberi Mtemvu wa African National Congress, aliyeihama TANU mwaka 1958 kwa hasira ya kura tatu, yaani utaratibu wa mpiga kura kulazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mtemvu alipata kura kama elfu 21, mwenzake zaidi ya milioni moja. Aligaragazwa, sawa. Lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi, na Watanzania hawakuona tena majina mawili ya kugombea urais mpaka mwaka 1995. Miaka 33. Mtoto wa shule anayejua Nyirenda alipanda mlima anastahili kujua na hili.

Jamhuri ikazaliwa Desemba 9, 1962, tarehe ile ile kwa makusudi, na pengine ndiyo sababu imefunikwa: watoto wawili wamezaliwa siku moja, keki inakatwa ya mkubwa. Wakenya wao wanaadhimisha Desemba 12 kwa jina la Jamhuri, ingawa uhuru nao waliupata tarehe hiyo hiyo. Sisi tumechagua kinyume.

Zanzibar ndiyo usiseme. Walipokea uhuru Desemba 10, 1963, mbele ya Philip yuleyule, chini ya Sultani Jamshid na Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Mapinduzi yakaja Januari 12, na hiyo ndiyo sikukuu. Desemba 10 watu wanakwenda kazini.