Beli la Glavu

Kuna watu hununua beli la mashati ya mitumba wakapata mashati. Mimi simo katika hao.

Mwezi wa tatu, jua limekaa utosini, nyuzi 33, kunguru wa soko la Kongowea wamefungua midomo wanahema. Nikakata kamba za beli la kilo 45 nililoambiwa ni fulana za watoto, kamera tupu, yaani daraja la kwanza. Wenzangu wamenizunguka, kila mmoja ametanguliza mkono achague kabla ya mwenzake. Nikavuta ya kwanza: glavu. Ya pili: glavu. Ya tatu, soksi ya sufu ndefu hadi gotini, nzito kama zulia la msikiti. Nikachimba mpaka chini. Glavu na soksi! Mama anayeuza madera meza ya pili akanitazama kwa huruma: "Pole, baba. Labda theluji yenyewe iko njiani yaja na meli."

Aliyeniuzia, simu yake haishikiki tangu siku hiyo.

Sasa niambieni, glavu Mombasa unamuuzia nani? Mkono wa mtu wa hapa hauijui baridi ila ukishika chupa ya soda. Wiki nzima nilikuwa najibu maswali. Hizi ni za kuoshea vyombo? Ni za golikipa? Na nusu ya mzigo hazikuwa na vidole, ni gumba tu limesimama peke yake. Nikajua basi, hii ni fagia, masazo ya kiwandani, mshonaji kalala kazini.

Jioni nikazibeba mbili hadi barazani nikalalamike vizuri. Pale kuna mzee wetu mmoja, baharia mstaafu, aliyekuwa akishuka Hamburg na Rotterdam mwezi wa kwanza, kamba za meli zimeganda kama nondo. Akaichukua ile ya gumba moja, akaivaa polepole, macho yakamlegea.

"Hii ndiyo yenyewe, mwanangu. Ile ya vidole vitano kila kidole kinalala chumba chake, kinakufa baridi peke yake. Humu wanalala kitanda kimoja, wanapeana joto."

Akaendelea, na sisi nani wa kumkatiza. Kumbe baridi ikizidi, mwili huibana mishipa ya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki katikati, kwenye moyo na maini. Vidole vinaachwa vijitegemee. Nikasema hilo halihitaji kwenda Hamburg: bajeti ikibana, wa pembeni ndio wanaokatwa, sisi watu wa Pwani hatufundishwi. Mzee hakucheka. Akasema ndiyo maana ukitaka vidole vipate moto, anza na kofia na fulana nzito kifuani, katikati pakishiba ndipo pembeni pakumbukwe. Na vikishaanza kufa ganzi, zungusha mkono wote kutoka begani, kwa nguvu, damu isukumwe hadi nchani. Hivi!

Akazungusha. Muuza kahawa ndiyo kwanza anainama na dele lake. Vikombe vitano chini, kashata mchangani, na kanzu yangu nyeupe ya kwendea harusi ina ramani ya Afrika hadi leo. Kahawa ya watu nikailipa mimi, kwa sababu glavu ni zangu.

Angalau nikawa na elimu ya kuuzia. Siku ya tatu akaja kijana amepata kazi Limuru, kule bara kwenye baridi, anataka soksi jozi mbili avae zote pamoja. Nikamtazama kiatu: kimembana hata jozi moja inasali iingie. Ulimi ukaniponyoka. Nikamwambia kiatu kikibana damu haifiki vidoleni, na hewa ya kushika joto haina pa kukaa, miguu itaganda zaidi ya hapo. Chukua moja ya sufu, uvae kavu, hizo za pamba zikinywa jasho zinageuka barafu. Akashukuru sana, akachukua moja. Ujuzi umenikosesha shilingi mia papo hapo, wallahi.

Walioniokoa ni watu wa moto. Muuza mihogo ya kuchoma wa kule ufukweni Mama Ngina alichukua sita za gumba moja, anageuzia mihogo jikoni na haungui. Mama wa mahamri akafuata, za kushikia karai. Kisha wauza samaki, hao angalau wana barafu. Mpaka mwezi wa sita nimebaki na glavu saba za vidole, na zote, kwa mipango yake Mola, ni za mkono wa kushoto.

Sasa ni mwezi wa saba, kusi linavuma. Jana alfajiri niko juu ya boda, daraja la Nyali, manyunyu yananipiga usoni, nyuzi 22. Najua mtu wa bara atacheka, na acheke. Mimi vidole sikuvihisi. Nikatia mkono kwenye mfuko wa mzigo, nikavaa mbili.

Kijana wa boda akaniona kwenye kioo. "Mzee, hiyo ya kulia umeivaa kinyume. Gumba lako liko kwa kidole cha mwisho."

"Tazama barabara, baba. Nazo nauza, mia mbili kwa jozi."

"Jozi gani, na zote za kushoto?"

"Basi mia na hamsini."