Usiwawekee Nyasi Maksai wa Fattori

Picha ya Il riposo (Mapumziko) ya mchoraji Mwitaliano Giovanni Fattori, ya mwaka 1887, iko katika jumba la sanaa la Pinacoteca di Brera, Milano. Ndani yake mna mkokoteni mwekundu, maksai waliofunguliwa nira, mkulima aliyeketi chini na ukanda wa bahari kwa nyuma. Basi. Wengi huisifu kwa utulivu wake, nami sifa hiyo naiona ya juujuu. Ile ni Maremma, nyanda za pwani ya Toscana ambako malaria ilikuwa ikiwamaliza vibarua wa mashamba. Huyo mtu hakuja kupunga upepo, amechoka. Fattori hakumchorea machozi wala tabasamu; amemwacha na uchovu wake, na ndiyo maana picha inakukaa moyoni.

Wanaojaribu kumuiga hukosea mapema, kwa kudhani kazi ni kupunguza vitu. Wanachora shamba zima kisha wanafuta mti huu na nyumba ile. Fattori alitoka kwenye kundi la Macchiaioli, wachoraji waliokuwa wakikutana kwenye mkahawa wa Caffè Michelangiolo huko Firenze, na hao walijenga picha kwa mabaka ya mwanga na kivuli tangu mwanzo. Baka likikaa mahali pake, hakuna cha kufuta.

Ukitaka kuielewa njia hiyo, ifanye kwa mkono. Chukua ubao mwembamba wenye umbo la La rotonda di Palmieri, picha ya Fattori ya 1866: kimo sentimita 12, upana 35. Umbo hilo refu lenyewe linakunyima mbingu, na macho hayana budi kutembea kando. Paka gundi nyembamba pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, ule mwingine utanywa unyevu na ubao utajikunja. Usiusawazishe kwa rangi nyeupe. Acha hudhurungi ya mti iwe rangi ya kati, ichungulie hapa na pale kama udongo.

Kisha changanya rangi tatu tu kwa kuanzia: ya mwanga, ya kati, ya kivuli. Finya macho hadi usione pembe wala kwato, uone mabaka tu. Anza na kivuli kilicho chini ya tumbo la maksai, maana ndicho kinachomsimamisha ardhini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatumia nyeusi tupu, na badala ya kivuli wanapata shimo. Changanya bluu na hudhurungi, halafu linganisha na ubao ulioachwa wazi. Kivuli kinatosha kikiwa cheusi kuliko mti kwa hatua mbili, zaidi ya hapo mnyama anazama.

Mgongo wa maksai mweupe ni mtihani mwingine. Ng'ombe wa Maremma ni weupe wa kijivu, na ukianza na nyeupe kutoka kwenye tyubu umeshamaliza mwanga wote kabla jua halijafika. Tia okra, ile rangi ya udongo wa manjano, kidogo kwenye nyeupe, paka ubavu wote, halafu nyeupe yenye nguvu iweke mgongoni kwa mpigo mmoja wa brashi. Mmoja. Ukirudia unasugua ya chini na ubavu unageuka uji.

Nyasi? Ziache. Ukichora unyasi mmoja mmoja, jicho la mtazamaji linakwama pale na mkulima anasahauliwa. Katika Bovi al carro, iliyoko Palazzo Pitti, Firenze, ardhi ni mikanda tu ya rangi, na hakuna anayeuliza ng'ombe watakula nini.

Sikubaliani pia na wanaomwita Fattori mpole kwa sababu tu picha zake nyingi ni ndogo. Mtazame anavyochonga picha za asidi, yaani michoro inayokwaruzwa kwenye bamba la chuma, ikaliwa na asidi, kisha ikapigwa chapa kwa wino, kazi aliyoishika hasa miaka ya 1880 akiwa mtu mzima, maana alizaliwa Livorno mwaka 1825. Alitumia mabamba ya zinki, na zinki ni kali: asidi huila haraka kuliko shaba, mstari unatoka mpana na wenye kingo zilizochanika. Mwenye kutaka mstari laini hulilalamikia bamba hilo. Kwake yeye ukali huo ulifaa shingo ya mnyama aliyefungwa nira, na ukiona chapa hizo kabla ya zile picha za rangi, hata maksai wa Brera utawatazama kwa jicho jingine.