Oscar ya mwongozaji bora: msiitupe DGA mapema

Msimu wa Oscar ukikaribia, ubishi wa vibanda umiza vya Mwanga na Ujiji hapa Kigoma huwa ule ule: kwenye mkeka (karatasi ya ubashiri) wa mwongozaji bora, tufuate tuzo ya DGA, chama cha waongozaji wa Marekani, au tuachane nayo? Wanaotaka iachwe humtaja Ben Affleck wa filamu za 2012 na Sam Mendes wa filamu za 2019. Wote walibeba DGA, Oscar ikaenda kwa Ang Lee na Bong Joon Ho.

Wana hoja. Tangu 2016 Academy, taasisi inayotoa Oscar, imeingiza wanachama wengi kutoka nje ya Marekani, na kura ya mwisho hupigwa na wanachama wote, si waongozaji peke yao.

Ila hesabu yenyewe inasomwa nusu. Filamu za 1950 hadi 2024 ni miaka 75, na tuzo hizi zimepishana mara 8: 1968, 1972, 1985, 1995, 2000, 2002, 2012 na 2019. Sasa zikague hizo 8. Mwaka 1985 DGA ilimpa Steven Spielberg, 1995 Ron Howard, 2012 Affleck, na hakuna kati yao aliyekuwemo kwenye wateule watano wa Oscar. Watano walitangazwa Januari 10, 2013. Affleck alipewa DGA Februari 2. Jina lake lilikuwa limeshakatwa, sasa nani angeliandika kwenye mkeka? Kuiita hiyo ajali ya utabiri ni uonevu. Toa miaka hiyo 3, DGA imekosea mara 5 katika 72.

Kukosa watano nako kuna sababu yake. Uteuzi ni wa tawi la waongozaji tu, nao hupanga majina kwa nafasi. Kura zikiwa 500, unagawa kwa 6 na kuchukua namba nzima inayofuata: 84 za nafasi ya kwanza zinatosha kupita. Anayependwa na kila mtu kwa nafasi ya tatu anaweza kubaki nje.

Wapo wanaokimbilia BAFTA ya Uingereza. Kweli, kwa filamu za 2002 ilimwona Roman Polanski wakati DGA ilimpa Rob Marshall. Lakini 2000 ilikwenda na Ang Lee, 2019 na Mendes, ikaanguka pamoja na DGA hiyo hiyo.